Safari ya Kinshasa na Lubumbashi ina urefu uleule kwenda na kurudi

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki iliyopita mlichapisha jedwali la safari za ndege zinazounganisha Lubumbashi na miji mingine, na katika mstari wake wa kwanza mkaandika kwamba safari ya kutoka Kinshasa kuja Lubumbashi huchukua saa 3 na dakika 15, ilhali ile ya kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa huchukua saa 1 na dakika 15. Chini ya jedwali hilo mwandishi wenu alieleza kwamba tofauti hiyo inaletwa na upepo, na vilevile na mwinuko wa mji wetu, kwa kuwa ndege inayotoka hapa inateremka kuelekea Kinshasa. Ninaomba nafasi ya kulisahihisha jambo hili kwa kirefu, kwa sababu wasomaji wengi hupanga safari zao kwa kulitegemea gazeti hili, na kwa sababu maelezo hayohayo nimeyasikia yakirudiwa katika ajansi za tiketi na hata katika vyumba vya madarasa.

Nianze na umbali, kwa maana ndio msingi wa mengine yote. Uwanja wa ndege wa N'djili, ambao ni wa Kinshasa, uko karibu nyuzi 4.4 kusini mwa ikweta na nyuzi 15.4 za longitudo ya mashariki, nao uwanja wetu wa Luano uko karibu nyuzi 11.6 kusini na nyuzi 27.5 mashariki. Katika eneo hili la dunia nyuzi moja ni sawa na kilomita 110 au 111 hivi, iwe unahesabu kuelekea kusini au kuelekea mashariki, maana hatuko mbali na ikweta. Kwa hiyo ndege inayotoka N'djili inasogea yapata kilomita 800 kuelekea kusini na, wakati huohuo, kilomita 1,330 kuelekea mashariki. Ukipima mshazari unaoziunganisha pande hizo mbili, kama mwanafunzi yeyote wa sekondari anavyofundishwa kufanya na pembetatu yenye pembe mraba, utapata takriban kilomita 1,550. Umbali huo haubadiliki kwa kugeuza mwelekeo. Ninaongeza hapa, kwa kuwa jedwali lenu lilichanganya vipimo, kwamba msomaji akikuta mahali fulani namba 965 na mahali pengine namba 840, asidhani kwamba kuna njia za mkato: ya kwanza ni maili za nchi kavu na ya pili ni maili za baharini, ambazo marubani huzitumia na ambazo kila moja ni kilomita 1.852.

Sasa tuugawe umbali huo kwa muda mliouchapisha. Kilomita 1,550 kwa saa 1 na dakika 15 ni mwendo wa kilomita 1,240 kwa saa. Katika kimo cha mita 11,000 hivi, ambako hewa ina baridi kali, sauti yenyewe husafiri kwa kilomita 1,060 hivi kwa saa, na maana yake ni kwamba ndege ya jedwali lenu ingekuwa inaipita sauti kila siku kati ya Luano na N'djili. Ndege za abiria zilizowahi kufanya hivyo katika huduma ya kawaida ni mbili tu, Concorde na Tupolev Tu-144, na Concorde iliondolewa angani mwaka 2003. Ndege tunazoziona Luano ni za jamii nyingine kabisa: Congo Airways ilianza kazi mwaka 2015 kwa Airbus A320, na Air Congo mwishoni mwa mwaka 2024 kwa Boeing 737-800, na aina hizo zote mbili zikishafika juu husafiri kwa kilomita 830 hivi kwa saa. Kwa upande wa pili, kilomita 1,550 kwa saa 3 na dakika 15 ni chini ya kilomita 480 kwa saa, ambao ni mwendo wa ndege za rafadha, yaani za pangaboi, kama ATR 72. Haiwezekani ndege ileile, yenye injini zilezile na rubani yuleyule, iwe ya rafadha asubuhi inapokuja na iipite sauti jioni inaporudi.

Ukigawa kilomita 1,550 kwa 830 utapata chini kidogo ya saa 2, na ukiongeza muda wa kupanda, wa kushuka, na wa kutembea ardhini kati ya maegesho na njia ya kurukia, utafika karibu saa 2 na dakika 15. Huo ndio muda wa safari hii, kwenda na kurudi. Tofauti nyingine yote imetoka kwenye saa za ukutani.

Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina kanda mbili za saa. Kinshasa, Kongo Central, na majimbo yaliyotokana na Bandundu na Équateur za zamani hufuata saa iliyo mbele ya saa ya kimataifa (UTC) kwa saa moja. Katanga, Kasaï, Kivu, Maniema na majimbo yaliyotokana na Orientale ya zamani hufuata saa iliyo mbele kwa saa mbili. Jambo hilo halikuwekwa kwa matakwa ya watu tu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kati ya N'djili na Luano kuna nyuzi 12 na kitu za longitudo, kwa hiyo jua hufika utosini kwetu dakika 48 hivi kabla ya kufika utosini mwa watu wa Kinshasa. Sheria ikazifanya dakika hizo kuwa saa moja kamili, ili hesabu iwe rahisi. Basi ndege ikiondoka N'djili saa sita kamili adhuhuri, ikaruka kwa saa 2 na dakika 15, itatua Luano saa nane na robo kwa saa ya Kinshasa, lakini saa ya ukutani hapa itaonyesha saa tisa na robo. Ikiondoka Luano saa sita adhuhuri kwa saa yetu, itafika N'djili wakati sisi huku tuko saa nane na robo na wenyeji wake wako saa saba na robo. Kampuni za ndege, hapa na duniani kote, huandika kwenye tiketi saa ya mahali ndege inapoondokea na saa ya mahali inapofikia. Mwandishi wenu alizichukua saa hizo mbili na kuzitoa moja kutoka kwa nyingine, kana kwamba zimesomwa kwenye saa moja.

Kuna njia nyepesi ya kugundua kosa la namna hii, nami huwafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Chukueni muda unaoonekana wa kwenda na muda unaoonekana wa kurudi, mvijumlishe, kisha mgawe kwa mbili. Saa 3 na dakika 15 pamoja na saa 1 na dakika 15 ni saa 4 na nusu. Nusu yake ni saa 2 na dakika 15, nao ndio muda wa kweli wa kuwa safarini. Halafu toeni mdogo kutoka kwa mkubwa, mgawe tena kwa mbili: mtapata saa 1, ambayo ndiyo tofauti ya saa kati ya miji miwili. Jedwali lenu, pamoja na makosa yake, lilikuwa limebeba ndani yake majibu yote mawili, na mhariri wa kurasa hizo angeweza kuyaona bila kutoka mezani.

Kuhusu upepo, sisemi kwamba hauna kazi. Kati ya London na New York, ambako ndege hukutana na mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, safari ya kwenda Marekani huzidi ile ya kurudi kwa karibu saa nzima, nao umbali wenyewe ni zaidi ya kilomita 5,500. Lakini mkondo huo uko mbali na ikweta. Juu ya Kasaï na Katanga ya kaskazini upepo wa angani kwa kawaida ni mpole, na unachoweza kuongeza au kupunguza katika safari ya kilomita 1,550 ni dakika chache. Kinachoichelewesha ndege yetu zaidi ni mawingu ya ngurumo ya majira ya mvua, ambayo rubani hulazimika kuyazunguka, na hayo humkuta anayekwenda sawa na anayerudi.

Hoja ya mwinuko ina ukweli nusu, na nadhani ndiyo sababu inawavutia watu. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na N'djili ni kama mita 310 tu. Hata hivyo ndege haitelezi kwenye mteremko wa ardhi. Iwe inakwenda au inarudi, inapanda hadi mita 10,000 au zaidi na kushuka tena, na tofauti ya mita 1,000 mwanzoni au mwishoni ni dakika mbili au tatu za kupanda. Mahali ambapo mwinuko wa Luano unahesabika kweli ni kwenye kuruka: hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Kinshasa, hasa katika joto la Oktoba, na kwa hiyo ndege nzito huhitaji kukimbia zaidi kwenye njia yake kabla ya kunyanyuka. Hilo ni suala la uzito wa mizigo na urefu wa lami, si la saa mbili za tofauti.

Naona inafaa nitoe mfano mwingine unaolihusu jiji letu, kwa kuwa unaonyesha jambo lenyewe kuliko maelezo marefu. Chukueni ramani, wekeni ncha ya bikari kwenye Luano, na mchore duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 1,550. Upande wa kaskazini-magharibi duara hilo litagusa Kinshasa. Upande wa kaskazini-mashariki litapita Nairobi, ambayo iko karibu kilomita 1,540 kutoka hapa. Upande wa kusini litaikaribia Johannesburg, iliyo kilomita 1,610 hivi. Dar es Salaam itakuwa ndani ya duara, kwa kuwa umbali wake ni kilomita 1,380 au zaidi kidogo, yaani mji ule wa pwani ya Tanzania uko karibu nasi kuliko mji mkuu wa nchi yetu. Sasa wazieni ndege tatu za aina moja zinazoondoka Luano saa sita adhuhuri kuelekea Kinshasa, Johannesburg na Nairobi bila kusimama njiani. Zote zitakuwa angani kwa muda unaokaribiana sana. Lakini abiria wa Kinshasa atashuka na kukuta saa saba na robo, wa Johannesburg, ambako saa ni sawa na yetu, atakuta saa nane na dakika ishirini hivi, na wa Nairobi, ambayo iko mbele yetu kwa saa moja, atakuta saa tisa na robo. Kwa hesabu ya jedwali lenu ingebidi tuseme kwamba Nairobi iko mbali mara mbili na nusu kuliko Kinshasa. Mfanyabiashara anayechagua mahali pa kununulia bidhaa zake, au mzazi anayechagua chuo cha mtoto wake, akiamini hivyo atakuwa amedanganywa juu ya jiografia ya bara lake.

Liko kosa la pili katika jedwali, dogo zaidi, ambalo pia linahitaji kuangaliwa. Mliorodhesha safari inayopitia Mbuji-Mayi kana kwamba ni sawa na ile ya moja kwa moja, mkiongeza dakika 10 tu kwa sababu njia hiyo si ndefu sana. Ni kweli kwamba si ndefu sana: kutoka Luano hadi Mbuji-Mayi ni kama kilomita 745, na kutoka huko hadi N'djili ni kama 920, jumla kilomita 1,665, ambazo zinaizidi njia ya moja kwa moja kwa kilomita 110 au 115. Lakini ndege inayosimama hulipa gharama ya muda ambayo haipimwi kwa kilomita. Inapunguza mwendo mapema, inashuka, inatembea ardhini, inashusha abiria na mizigo, inapakia wengine, pengine inajaza mafuta, halafu inapanda upya kwa mwendo mdogo mpaka ifike kimo chake. Mambo hayo hayamalizwi kwa dakika 10. Ni saa nzima au zaidi. Kwa sababu hiyohiyo safari fupi ya Kolwezi, ambayo kwa angani ni kilomita 240 hivi, haiwezi kuwa ya dakika 17 kama kanuni ya kugawa umbali kwa mwendo wa juu inavyoonyesha, maana karibu safari yote ni kupanda na kushuka.

Msomaji anastahili pia kujua kwamba muda unaoandikwa na kampuni huanza kuhesabiwa ndege inapotoka kwenye maegesho na huisha inaposimama kwenye maegesho ya pili. Haumhesabii foleni ya kukagua mizigo, wala ukaguzi wa hati, wala kungojea sanduku. Luano iko nje kidogo ya mji na kwa kawaida kufika huko si kazi kubwa, lakini N'djili iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Gombe, komini ya katikati ya Kinshasa, na mtu aliyewahi kukwama kwenye Boulevard Lumumba jioni anajua kwamba kipande hicho kinaweza kula muda mwingi kuliko ule wa kutoka Luano hadi juu ya Kananga. Safari ya saa 2 na robo inaweza kwa urahisi kumaliza siku yenye mwanga. Anayepewa namba ya saa 1 na dakika 15 huahidi kuhudhuria mkutano ambao hana njia ya kuufikia.

Huenda mtu akasema kwamba abiria atajionea mwenyewe akifika, na simu yake itajirekebisha. Simu hujirekebisha ikiwa mwenyewe ameiruhusu na ikishapata mtandao. Saa ya mkononi ya kawaida haijirekebishi. Zaidi ya hayo, madhara hutokea kabla ya kufika. Yupo anayenunua tiketi ya kuunganisha Kinshasa kwenda Ulaya au Afrika Magharibi, akiamini kwamba ana saa moja zaidi au pungufu ya ile aliyo nayo. Wapo ndugu wanaokwenda kumpokea mgeni na kuanza kuhangaika kwamba ndege imepotea, kumbe bado iko angani kwa ratiba. Na wapo wagonjwa wanaotumwa kutibiwa Kinshasa, jambo ambalo familia nyingi za hapa zinalijua. Mgonjwa anayepaswa kumeza dawa au kuchoma insulini kila baada ya saa kadhaa anahitaji kujua ni saa ngapi za kweli zitakazopita, si saa gani itakayoonekana ukutani akitua, na anayemsindikiza anapaswa kuzungumza na daktari juu ya hesabu hiyo kabla ya kwenda Luano. Hili la wagonjwa ndilo lililonifanya niandike badala ya kunyamaza.

Hatuna pia njia nyingine ya haraka ya kukimbilia. Barabara ya Taifa namba 1 kati ya miji hii miwili ni ya kilomita zaidi ya 2,000, na sehemu zake nyingi ni mbaya wakati wa mvua. Reli hutufikisha Ilebo, na kutoka hapo safari huendelea kwa maji kwenye mto Kasaï. Ni mwendo wa siku nyingi, wakati mwingine wa majuma. Ndege ndiyo njia pekee inayoziweka Lubumbashi na Kinshasa katika siku moja, na kwa watu wengi tiketi moja ni akiba ya miezi. Habari inayochapishwa juu yake inapaswa kuwa sahihi kwa kiwango hicho.

Ninachoomba hakihitaji gharama. Kila mnapochapisha ratiba, baada ya saa ya kuondoka andikeni jina la mji ambao saa hiyo ni yake, na fanyeni hivyo pia kwa saa ya kufika. Kisha katika safu ya peke yake wekeni muda wa safari kama kampuni yenyewe inavyoutoa, bila ninyi kuutafuta kwa kutoa. Ndege ikisimama njiani, tajeni mahali inaposimama. Umbali uandikwe kwa kilomita, na kama mmeupata kwa maili, mseme ni maili za aina gani kabla ya kuugeuza. Ajansi za tiketi za mjini zingefanya vyema kuiga hayo kwenye vibao vyao, kwa kuwa kibao cha mojawapo, ambayo siitaji jina, kina kosa lilelile la saa 1 na dakika 15, na inawezekana ndiko jedwali lenu lilikotoka.

Naambatanisha na barua hii jedwali nililolitengeneza upya pamoja na wanafunzi wangu wa darasa la tano la sekondari, lenye umbali wa kutoka Luano hadi kila mji mliouorodhesha na tofauti ya saa ya kila mmoja. Mnaweza kulitumia lote au sehemu yake bila kututaja. Ningefurahi likitoka kabla ya likizo kubwa ya Julai, ambapo familia nyingi hununua tiketi za Kinshasa kwa ajili ya watoto wanaosafiri peke yao na watakaopokewa huko na shangazi au wajomba, nao wapokeaji hao watahitaji kujua wafike N'djili saa ngapi kwa saa yao.

Kwa heshima,

Mwalimu wa jiografia,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi